Idara ya Mambo ya Kale na Nyumba za Nyasi za Buha

Mwaka 2027 Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara itatimiza miaka 70. Hotuba zitatolewa, na magazetini tutaonyeshwa tena Msikiti Mkuu wa Kilwa, magofu ya Kaole na nyayo za Laetoli. Ni haki yake. Ila sisi wa Kakonko, Kibondo na Kasulu, tunaoishi katika nchi ya Buha, milimani nyuma ya Ziwa Tanganyika, tuna namna yetu ya kuisoma historia ya idara hiyo. Kwetu hakuna ukuta wa matumbawe wala kaburi lenye mnara. Bami wetu, yaani wafalme wetu, waliishi katika nyumba za fito na nyasi, na nyumba hizo zilikwisha zamani. Basi mtu wa Buha akisikia kuwa ipo taasisi ya kuchunguza na kulinda majengo ya kale, swali lake ni moja: inayalindaje majengo ambayo mwenyewe aliyeyajenga alijua yataoza?

Tuanze ilikoanzia. Serikali ya Waingereza ilikuwa na sheria ya kuhifadhi majengo ya kumbukumbu tangu 1937, lakini ilikosa mtu wa kuisimamia, na kwa miaka 20 magofu ya Tanganyika yaliachiwa mabwana shauri na wapenzi wa historia. Mwaka 1957 idara ikaundwa, na Mwingereza Neville Chittick akawa Mhifadhi wa kwanza wa Mambo ya Kale. Nchi ilikuwa kubwa, watumishi wachache. Ilibidi achague pa kuanzia, naye akachagua pwani.

Aliyewahi kufika Kilwa Kisiwani hatamlaumu. Pale pana msikiti ulioanzishwa karne ya 11 na kupanuliwa hadi ukawa na paa la kuba nyingi. Pana Husuni Kubwa, kasri la mwanzo wa karne ya 14 lililojengwa juu ya jabali linaloitazama bahari, lenye nyua pana na bwawa la kuogea la pembe nane. Ibn Battuta alipita hapo mwaka 1331, Sultani al-Hasan bin Sulaiman akiwa madarakani. Chittick aliiacha idara mwaka 1961 akaenda kuongoza taasisi ya Waingereza ya historia na akiolojia ya Afrika Mashariki, lakini Kilwa hakuiacha. Aliendelea kuchimba hadi katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1974 akatoa vitabu viwili vikubwa ambavyo mpaka leo hakuna mwanafunzi wa akiolojia ya pwani anayeweza kuvikwepa. Nyuma yake alikuja Hamo Sassoon, aliyechimba Engaruka, na ambaye baadaye alikwenda Mombasa kusimamia Ngome ya Yesu.

Kilwa ndiyo iliyoifundisha idara kazi yake. Matumbawe na chokaa vina tabia zao. Ukuta wa zamani ukizibwa kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea, nao hurudi ndani na kuvunja jiwe lenyewe. Kwa hiyo fundi anayetaka kuusaidia ukuta wa karne ya 14 hana budi kurudi kwenye tanuri la chokaa. Mizizi ya miti hupasua kuba. Mawimbi hula msingi wa Gereza, ngome ambayo Wareno waliianza mwaka 1505 na Waomani wakaja kuijenga upya. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa mwaka 2014. Miaka ile 10 ya hatari, iliyowaleta wafadhili na kuwaingiza wanakijiji katika ukarabati, naiona kuwa ndiyo fahari kubwa ya idara hii kuliko uchimbaji wowote. Kuchimba ni kazi ya misimu michache, ilhali kuushika ukuta usianguke ni kazi isiyo na mwisho, na haiandikiwi vitabu vikubwa.

Sasa tuje kwenye sheria, maana ndiyo inayotugusa sisi wa bara. Mwaka 1964 Bunge lilipitisha Sheria ya Mambo ya Kale, namba 10, iliyorekebishwa mwaka 1979. Sheria hiyo iliweka mstari: jengo lililosimamishwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 linalindwa lenyewe, bila kusubiri tangazo la mtu yeyote. La baada ya hapo linahitaji Waziri alitangaze katika Gazeti la Serikali. Mlango wa mbao wa nakshi una mstari wake, ambao ni 1940, kwa hiyo mlango wa Bagamoyo waweza kuwa salama kuliko nyumba uliyoishikilia.

Mwaka 1863 ulikuwa takriban miaka 100 kabla ya sheria yenyewe, na wakati ule hesabu hiyo ilikuwa na maana. Tatizo ni kwamba mstari haukusogea. Miaka inakwenda, wenyewe umesimama palepale. Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860, na Boma la Kale, ambalo ni kati ya majengo yake ya kwanza, ni la miaka michache baada ya mstari. Maana yake karibu mji mzima, mkubwa kuliko yote nchini, uliangukia upande usio na ulinzi wa moja kwa moja. Majengo ya Wajerumani na ya wafanyabiashara wa Kihindi yakawa yanategemea sahihi ya Waziri, na si yote yaliyoipata. Atembeaye leo mitaa ya katikati ya Dar es Salaam anaona maghorofa ya vioo mahali pa nyumba zenye baraza. Boma la Kale lenyewe limeponea, na tangu 2017 lina kituo cha kumbukumbu za usanifu majengo wa jiji. Zanzibar, ambayo mambo ya kale yake hayamo katika Muungano, ilikwenda njia nyingine: mwaka 1985 iliunda mamlaka maalumu ya Mji Mkongwe peke yake. Hata hivyo Beit al-Ajaib ilianguka upande mmoja siku ya Krismasi ya 2020, ikaua. Mamlaka maalumu, Urithi wa Dunia, wataalamu, vyote vilikuwapo.

Kwa upande wa watu, idara ilibadilika polepole. Amini Mturi alikuwa Mtanzania wa kwanza kuiongoza, na maandishi yake kuhusu sheria za mali kale bado yanasomwa. Baada yake walikuja wengine, akiwamo Simon Waane, na baadaye Donatius Kamamba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia mwaka 1985, na hapo ndipo vijana wa Kitanzania walipoanza kupatikana kwa wingi kidogo. Sera ya Mali Kale ilitoka mwaka 2008. Miaka ya karibuni Wizara ya Maliasili na Utalii iligawa vituo vya mambo ya kale kwa mashirika ya uhifadhi wa wanyama na misitu: Kilwa ikaenda kwa mamlaka ya wanyamapori, Kaole kwa wakala wa misitu, Kimondo cha Mbozi kwa wenye Ngorongoro. Mashirika hayo yana magari na fedha ambazo idara haijapata kuwa nazo, hilo halina ubishi. Mimi bado nasita kumwona askari wa misitu kuwa ndiye mlinzi wa mihrabu.

Na Kigoma? Kwa mgeni, mambo ya kale ya mkoa wetu ni Ujiji, na Ujiji ni Livingstone. Burton na Speke walifika hapo Februari 1858. Livingstone alifika mara ya kwanza mwaka 1869, na mwishoni mwa 1871 akakutwa na Stanley chini ya mwembe. Mwembe ule ulikufa. Miembe iliyopo inasemwa ni uzao wake. Chini yake pana mnara wa jiwe wenye ramani ya Afrika iliyochorwa msalaba, na kwa miaka mingi makumbusho ya Ujiji yalijulikana kwa sanamu mbili za waungwana hao wakivuliana kofia, zenye nyuso ambazo wageni walizicheka waziwazi. Warundi nao wana jiwe lao huko Mugere, lenye majina ya wawili hao na tarehe ya Novemba 1871, na wapo wanaoapa kwamba walikutania pale. Wasomi wanasema pale walipita tu wakiwa pamoja. Sisi wa Kigoma tumelikataa dai hilo kwa furaha.

Kinachonikera Ujiji si Livingstone. Ni nyumba. Ujiji ulikuwa mji: soko la chumvi, samaki, pembe na watu waliouzwa, mwisho wa njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Tabora. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo katika orodha yake ya awali ya maeneo inayotaka yaingie Urithi wa Dunia, Ujiji ikiwa kituo cha mwisho. Lakini mji uliopokea misafara hiyo ulikuwa wa tembe na nyumba za udongo. Wenye mji wamezijenga upya kizazi hadi kizazi, mahali palepale, na kila mara bati likichukua nafasi ya makuti na tofali la kuchoma nafasi ya udongo. Kilichohifadhiwa ni mahali palipokuwa na mti. Mitaa yenyewe iliyowalisha Burton na Livingstone haina kibao.

Kilomita chache kutoka hapo, mambo ni kinyume chake. Kituo cha reli cha Kigoma ni jengo ambalo hata asiyejua historia hulisimamia akalitazama: kubwa, lenye matao, limekaa mwisho wa barabara kuu kana kwamba reli imeishia hapo kwa heshima yake. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma Februari 1914, kilomita zipatazo 1,250. Miezi sita baadaye vita vikaanza, na Wajerumani hawakuwahi kuifaidi. Kwa mstari wa 1863 kituo hiki ni kitoto. Na sasa reli ya kisasa inakuja: mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022. Reli mpya hujenga vituo vipya. Kituo cha zamani kikibaki bila abiria, kitahitaji zaidi ya sifa ili kiendelee kusimama, na huu ndio wakati wa kukipangia kazi nyingine, kabla popo hawajakipangia wao.

Nimechelewa kupanda mlimani, kwa kuwa huko hakuna jengo la kulionyesha. Buha ilikuwa nchi ya falme kadhaa. Heru ndiyo Kasulu ya leo, Muhambwe ni Kibondo, Buyungu ni Kakonko. Majina mawili ya mwisho yalibaki hai kwa miaka mingi katika majimbo ya uchaguzi. Mwami alikuwa na ikulu, na ikulu ilikuwa boma la miti lenye misonge mikubwa ndani yake, paa la nyasi likishuka hadi karibu na ardhi, ngoma zikitunzwa mle. Heru Juu, karibu na Kasulu, ndiko yalikokuwa makao ya bami wa Heru, na ndiko alikotawala Mwami Theresa Ntare tangu 1946, mmoja wa wanawake wachache sana walioshika uchifu Tanganyika nzima. Kama angekuwa sultani wa Kilwa, tungekuwa na kuta zake.

Hata hivyo nyasi na mchwa peke yao hawakutosha kuzifuta nyumba hizi, kwa sababu nyumba ya nyasi ikioza hujengwa nyingine, na watu wa Buha walikuwa wakifanya hivyo kwa karne nyingi. Uvinza, chini yetu, John Sutton na Andrew Roberts walichimba mwaka 1967 wakakuta kwamba chumvi ilichemshwa pale tangu karibu karne ya 5 au ya 6. Watu walikuwapo, wakijenga na kujenga tena. Kilichovunja mnyororo ni kuhamishwa. Katika miaka ya 1930 Waingereza waliwakusanya watu wa Buha, hasa upande wa Kibondo, katika makazi mapya ili kukimbia malale. Mwaka 1963 uchifu ulifutwa, na ikulu zikakosa mwenye kuziezeka. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma: kaya zilizotawanyika vilimani zikashushwa barabarani kuwa vijiji vya ujamaa. Matongo, yaani mahame yao, yakabaki juu, na anayejua kusoma mimea atayatambua hata leo. Wakati huohuo, nchi hiihii, serikali hiihii ilikuwa ikilipa mafundi wa kuokoa kuta zilizojengwa Kilwa karne kadhaa zilizopita. Sisemi kwa uchungu. Hakuna aliyefikiri kwamba msonge uliovunjwa ulikuwa jengo.

Na hapo ndipo penye kasoro ya taasisi hii tangu 1957. Ilirithi kwa Chittick wazo kwamba jengo la kale ni kitu kilichodumu chenyewe, na sheria ya 1964 ikaliandika wazo hilo kwa tarakimu. Nyumba ya nyasi haiwezi kuwa ya kabla ya 1863. Kwetu hakuna iliyo na umri huo. Kinachoweza kuwa na umri huo ni kiwanja chake, umbo lake, na ufundi wa anayeijenga.

Idara yenyewe ina ushahidi wa hili mikononi. Kwihara, nje kidogo ya Tabora, tembe ya Livingstone inayoonyeshwa kwa wageni ni nyumba iliyojengwa upya baada ya ile ya kwanza kubomoka, na hakuna mgeni anayelalamika. Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kimekuwa kikionyesha nyumba za makabila tangu miaka ya 1960, nazo haziwezi kusimama bila kuezekwa tena na tena.

Majirani zetu wamekwenda mbali zaidi. Ng'ambo ya mpaka, nchini Burundi, karibu na Gitega, pana Gishora, mahali pa ngoma za wafalme, na nyumba zake za asili zinaonekana. Ngoma hizo ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2014. Huko Nyanza, Rwanda, ikulu ya nyasi imejengwa upya, nayo ni msonge ambao mzee yeyote wa Kakonko angeuingia bila kuuliza mlango uko wapi. Waganda ndio walioufikisha mfano huu mbali kuliko wote. Makaburi ya Kasubi, nyumba aliyoijenga Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1882 na ambamo alizikwa, yalitiwa nguzo za zege katika ukarabati wa mwishoni mwa miaka ya 1930, paa limebadilishwa mara nyingi, na bado yakaingia Urithi wa Dunia mwaka 2001. Yaliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Buganda ililia, halafu ikajenga. Ujenzi ulichukua miaka mingi, kwa sehemu kwa sababu ukoo wenye haki ya kuezeka una miiko yake. Mwaka 2023 Kasubi ilitolewa katika orodha ya hatari. Waganda waliweza kuijenga tena kwa kuwa walikuwapo watu wanaojua, na waliheshimiwa kwa kujua.

Kwetu watu hao bado wapo, lakini ni wazee. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 wakati wa Operesheni Kigoma amevuka 70. Ndiye wa mwisho aliyeishi ndani ya msonge na kusaidia kuujenga, anayejua fito gani hukunjwa bila kukatika na nyasi zipi huvunwa mwezi gani. Baada yake tutategemea picha za wamisionari.

Kwa hiyo katika miaka 70 hii idara inastahili pongezi kwa Kilwa, na inastahili kuulizwa kuhusu Buha. Mstari wa 1863 urekebishwe ili umri uhesabiwe kuanzia leo, jengo likifikisha miaka 100 liwe na ulinzi mpaka litakapochunguzwa. Kituo cha Kigoma, makanisa ya kwanza ya misheni na mabaraza ya mahakama za wenyeji vitapata pa kusimamia. Viwanja vya ikulu za bami vipimwe na kuwekewa alama hata kama juu yake pana shamba la mihogo. Na msonge mmoja ujengwe, Heru Juu au popote wazee watakapokubaliana, kwa mikono ya wanaojua, vijana wakiwa pembeni na si watalii.

Sehemu kubwa ya hayo haihitaji Dodoma. Wilaya ya Kakonko, iliyozaliwa mwaka 2012 kutoka Kibondo, ina halmashauri yenye uwezo wa kutunga sheria ndogo na kufungua daftari. Daftari lenyewe ni karatasi tu: jina la mahali, nani alikaa, nani anakumbuka, picha. Mwenye picha ya zamani ya nyumba au boma la Kakonko, Kibondo au Kasulu, na mwenye mzee anayejua ikulu ya mwami ilikokuwa, aende kwa afisa utamaduni wa wilaya yake aandikishe mwaka huu.